Mgeni Rasmi wa Uhuru wa Marekani

Ipo nchi moja ambayo haina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa si hii yetu. Ingekuwa hii yetu tungeitambua upesi, na kwetu mambo kama haya hayatokei. Msomaji asome kwa amani. Akikutana humu na mtu anayefanana na jirani yake, amsalimie tu na kuendelea.

Katika nchi hiyo historia ilikuwa ikipungua kila mwaka, kama kipande cha sabuni. Kila kiongozi aliyeshika madaraka aligundua kwamba aliyemtangulia alikuwa msaliti, akaamuru afutwe vitabuni. Wa pili alimfuta wa kwanza, wa tatu akamfuta wa pili, na huyu wa sasa, Mlezi Mkuu wa Taifa, alimfuta wa tatu pamoja na mama yake mzazi. Kitabu cha historia cha darasa la saba kikabaki na jalada, ramani ya maziwa, na picha ya twiga mmoja ambaye hakuwahi kugombea cheo. Hata huyo twiga alikuwa bado anachunguzwa.

Shida ilikuwa Sikukuu ya Uhuru. Huwezi kusherehekea uhuru bila kumtaja aliyeupigania, na kumtaja aliyeupigania kulikuwa na kifungo cha miaka mitano. Mwaka uliopita Mlezi Mkuu alihutubia kutwa nzima kuhusu "wale wazee wetu waliofanya yale mambo siku ile," na hata yeye alichoka.

Baraza la Mawaziri likaketi. Waziri wa Historia na Mambo Yaliyoruhusiwa Kupita akasimama, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa Mlezi, mimi naona tuazime."

"Tuazime nini?"

"Uhuru, Mheshimiwa. Tuazime wa Marekani. Waasisi wao wamekufa wote. Hakuna hata mmoja mwenye shemeji humu nchini, hakuna mwenye kadi ya upinzani, na hakuna atakayefufuka kudai kiinua mgongo."

Mawaziri walipiga makofi mpaka glasi za maji zikatikisika. Sikukuu ya zamani ikafutwa siku hiyohiyo. Redio ikatangaza kwamba taifa litaadhimisha tarehe nne Julai, siku ambayo Wamarekani walimkataa mfalme wa Uingereza, na wananchi wakapewa wiki mbili za kuanza kukumbuka.

*

Nchi nzima hakuna aliyeumizwa na tangazo lile kama Bi Tunsume, mke wa Asajile fundi baiskeli.

Mwaka uliopita, kwenye ile hotuba ya kutwa nzima, Asajile alikuwa uwanjani pamoja na wenzake, amesimama juani tangu asubuhi. Ilipofika alasiri Mlezi Mkuu alisema, "Na sasa, ndugu wananchi, kwa kumalizia..." Asajile ni mtu anayeamini anachoambiwa. Akapiga makofi. Alipiga peke yake, makofi mazito ya fundi, yakasikika uwanja mzima, na Mlezi Mkuu alikuwa bado na kurasa arobaini mkononi.

Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kuharakisha mwisho wa uongozi. Mwanasheria wake alieleza kwamba mteja wake aliharakisha mwisho wa hotuba tu. Hakimu akasema haoni tofauti, akampa miaka sita.

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na desturi moja njema ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kila Sikukuu ya Uhuru, kiongozi aliwasamehe baadhi ya wafungwa. Bi Tunsume alikuwa ameishika desturi hiyo kama mtu anavyoshika kamba akiwa kisimani. Kila jioni, akitoka darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, alipiga magoti nyumbani kando ya baiskeli alizoziacha mumewe, akasali sala ileile: "Bwana, ulainishe moyo wa mfalme, awafungue aliowafunga." Alisema mfalme kwa sababu ndivyo maandiko yanavyosema, naye hakutaka kumrekebisha Mungu lugha.

Sikukuu ilipofutwa, msamaha nao ukafutika.

"Mwenzangu, usilie," Sekela, jirani na rafiki yake wa kwaya, mwanamke ambaye hakujua kunong'ona, alimwambia. "Labda na hao Wamarekani wana wafungwa wao."

"Hata kama wanao, Sekela, mume wangu si Mmarekani."

"Nani kasema? Wiki ijayo sote tunakuwa. Mimi nimeshaanza kutembea hivi." Akatembea kwa mikogo mpaka mlangoni, akarudi. Bi Tunsume akacheka huku machozi yanamtoka, maana Sekela alikuwa na mwili mkubwa na mlango ulikuwa mdogo.

*

Wakati huohuo Kamati ya Maadhimisho ilikuwa imekwama. Katibu wake, Ndugu Kihedu, alikuwa amesoma habari zote za Marekani, akaona zimejaa makosa ya itifaki.

La kwanza, lile tukio la kumwaga chai baharini. Kamati iliona ni ubadhirifu na dharau kwa wakulima. Ikaamuliwa kwamba chai itanywewa na wageni waalikwa kwa maandazi, na wananchi wataitazama.

La pili, vita. Ilionekana kwamba mfalme aliitwa Joji, na jenerali aliyepigana naye pia aliitwa Joji. Kamati ikahitimisha kuwa huo ulikuwa ugomvi wa kifamilia uliokuzwa na watu wa nje. Vita ikabadilishwa kuwa mechi ya mpira, na matokeo yakapitishwa mapema: sare.

La tatu ndilo lililowanyima usingizi. Katika sherehe yote hiyo, mgeni rasmi alikuwa nani?

Msomaji ajue kwamba katika nchi ile hakuna jambo linaloweza kutokea bila mgeni rasmi. Harusi, mahafali, mashindano ya kukuna nazi, vyote humsubiri. Aliwahi mtu kuunguliwa nyumba, na wazima moto wakakaa foleni na mipira yao mpaka mgeni rasmi alipofika kuzindua uzimaji. Kihedu alipekua vitabu vyote vya Marekani hakuona mgeni rasmi. Watu wale walikutana tu chumbani, wakaandika tamko lao, wakatia saini, bila hata utepe wa kukata.

"Ndiyo maana walipata shida," alisema mjumbe mmoja.

"Tumtafute mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika habari hii," alisema Kihedu. "Huyo ndiye mgeni rasmi."

Wakatafuta. Mwenye cheo kikubwa kuliko wote alikuwa mfalme wa Uingereza.

Na kwa kuwa sheria hairuhusu mtu yeyote kukaa juu ya Mlezi Mkuu, hata kwenye maigizo, ilikuwa wazi nani atakuwa mfalme. Mlezi Mkuu alipoletewa wigi jeupe la kujaribu, alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akasema, "Mbona hamkuniambia mapema?"

Basi mfalme akawa mgeni rasmi katika sherehe ya kumkataa mfalme. Kilichobaki ni lile tamko la uhuru, na hapo Kihedu aliona mwanga. Mbele ya mgeni rasmi hakusomwi tamko. Husomwa risala. Risala ina salamu, shukrani, mafanikio, changamoto, na mwisho kabisa maombi. Wakaliweka tamko la Wamarekani kwenye mpangilio huo, na mara moja likawa na adabu.

*

Msomaji wa risala alitafutwa kwa uangalifu. Walimu walijaribiwa wakakataliwa, kwa sababu walikuwa wakielewa wanachosoma na uso ukawasaliti. Mwishowe mtu akapendekeza darasa la watu wazima, nako wakamchagua Bi Tunsume: sauti ya kwaya, mcha Mungu, na miaka mitatu iliyopita hakujua hata a.

"Lakini ana mume gerezani," alisema mjumbe mmoja.

"Ndiyo sababu," alisema Kihedu. "Mwenye mtu wake ndani hasemi ovyo."

Akaenda mwenyewe kumpelekea karatasi. Bi Tunsume alimkaribisha kigoda, akaisoma risala yote kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

"'Mtukufu Mfalme, sisi wakazi wa makoloni kumi na matatu tunakushukuru kwa kodi ulizotuletea bila kutusumbua kwa kutuuliza. Tunakushukuru kwa askari uliowaweka majumbani mwetu, ambao wametuondolea upweke. Mafanikio: ni mengi. Changamoto: hatuna. Maombi: tunaomba, endapo itakupendeza, tuwe huru siku za kazi, na mwisho wa juma turudi kwako.'"

Akaiweka karatasi magotini. Kisha akasema, "Mwanangu Katibu, hawa Wamarekani waliyaandika hivi kweli?"

"Mama, tumewasaidia."

"Basi nisaidie na mimi. Hapa kwenye maombi kuna nafasi. Niongeze mstari mmoja tu, kuhusu wafungwa. Zamani siku ya uhuru walisamehewa."

Kihedu alitazama mlangoni, halafu dirishani. "Mama yangu, sikiliza. Wewe ukisoma vizuri, mumeo atapewa blanketi. Ukiongeza mstari, utamfuata. Na blanketi litakuwa moja."

"Na sala ya kufunga? Naona jina langu hapa pia."

"Ndiyo. Askofu na shehe wameshindwa kuelewana nani aanze, tumewaacha wote. Utasali wewe. Fupi."

"Unataka kuiona?"

"Sala?" Kihedu alicheka. "Sala haihaririwi, Mama. Inaenda juu, haiendi ofisini."

Alipoondoka, Sekela, aliyekuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mabanzi, aliingia kwa kishindo. "Mungu kakufungulia mlango wa uani! Yaingize hayo ya wafungwa kwenye sala!"

"Sekela, Mungu si mlango wa uani," alisema Bi Tunsume kwa ukali. "Siwezi kusali huku namwangalia mtu mwingine. Nitasali ninachosali siku zote."

"Siku zote unasali nini?"

Bi Tunsume akamwambia. Sekela akakaa chini taratibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanong'ona. "Mama wee."

*

Siku ikafika. Uwanja ulipambwa bendera za Marekani zilizoshonwa na magereza. Kitambaa cheupe kilipungua, kwa hiyo nyota zilikuwa saba, na ilielezwa kwamba nyingine zitafika awamu ya pili. Watoto wa shule walipanga umbo la kitu ambacho mshereheshaji alisema ni kengele. Chai ilinywewa. Wananchi waliitazama. Mechi ya vita ilikaribia kuharibika pale mchezaji mmoja wa makoloni alipofunga bao kwa bahati mbaya, lakini alikamatwa na bao likarudishwa.

Mlezi Mkuu aliketi juu ya jukwaa, taji juu ya wigi, wigi juu ya masikio, mbele yake kipaza sauti cha dhahabu. Kipaza sauti hicho kilikuwa na sheria yake. Neno lolote ambalo Mlezi Mkuu alilitamka humo lilikuwa Agizo, na kila Agizo lilitekelezwa. Aliwahi kupiga chafya akiwa ziarani kaskazini, na mpaka leo mkoa ule una Idara ya Chafya, yenye mkurugenzi na magari mawili.

Bi Tunsume alisoma risala neno kwa neno. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye "changamoto: hatuna," uwanja ulipiga makofi kwa muda uliopangwa. Joto lilikuwa kali, na ndani ya wigi lilikuwa kali zaidi. Mfalme akasinzia.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "itifaki ikiwa imezingatiwa, tusimame kwa sala."

Watu wakasimama. Bi Tunsume alifumba macho. Alipoyafumba, uwanja ulitoweka, akajiona kando ya baiskeli zake. Akasema kama alivyosema kila jioni:

"Bwana, ulainishe moyo wa mfalme, awafungue aliowafunga."

Uwanja ule ulikuwa umefunzwa kwa miaka mingi kujibu kwa pamoja bila kufikiri.

"AMINA!"

Ngurumo ile ilimgutusha Mlezi Mkuu. Akafumbua macho, akaona watu wake wote wamesimama na wanasema neno moja, akaogopa kuachwa nyuma. Akakisogelea kipaza sauti cha dhahabu.

"Amina," alisema.

Kihedu akadondosha kikombe cha chai. Hiyo ndiyo chai pekee iliyomwagika siku ile.

*

Kamati ilikutana kwa dharura. Kukanusha Agizo ilikuwa uhaini. Kulitekeleza ilikuwa kufungua magereza, jambo ambalo Mlezi Mkuu, alipoamka vizuri na kuelezwa, alilitolea macho na kufoka. Kwa bahati njema hapakuwa na kipaza sauti karibu.

Ni Kihedu aliyewaokoa. "Turudi kwenye maneno," alisema. "Mama kaomba mfalme awafungue aliowafunga. Mfalme kasema amina. Basi wafungwa wa mfalme waachiwe. Mfalme wa Uingereza wa wakati ule. Wafungwa wake walikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Tutatekeleza Agizo kikamilifu bila kumwachia mtu."

Kihedu alipandishwa cheo kabla hajakaa. Jioni redio ikatangaza: wafungwa wote waliofungwa na Mfalme, popote walipo, wako huru kuanzia kesho, na wakuu wa magereza wahakikishe.

Kesho yake asubuhi Bi Tunsume alikuwa mlangoni pa gereza, amevaa kitenge cha ibada, na amembebea mumewe shati safi. Sekela alimsindikiza ili kuwe na mtu wa kupiga kelele.

Mkuu wa gereza, Afande Mwashiuya, alikuwa mtu mpole aliyeipenda kazi yake kwa sababu ilikuwa na kivuli. "Mama, umekosea. Tangazo linahusu wafungwa wa Mfalme."

"Ndiyo, baba. Nimemfuata mmoja."

"Mfalme wa zamani, Mama. Wa Ulaya."

"Baba, mimi niliyemwona uwanjani si wa Ulaya. Nilimsomea risala nikiwa karibu naye kama ulivyo wewe hapo." Bi Tunsume alisema hivyo bila ujanja wowote, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akainua macho ukutani, nyuma ya meza ya Afande. "Si huyo hapo?"

Afande akageuka. Ukutani ilikuwa picha mpya. Mlezi Mkuu alikuwa amelipenda mno lile wigi, na siku ileile aliagiza picha zote za ofisi za serikali zibadilishwe. Zilichapwa usiku kucha na kusambazwa kwa malori. Huyo hapo, taji juu ya wigi, wigi juu ya masikio, na chini yake herufi za dhahabu: MTUKUFU MFALME.

 Jasho likamtoka Afande hata kivulini. Kufungua gereza bila amri lilikuwa kosa. Lakini kusema kwamba mtu aliye kwenye picha ya serikali siye anayetajwa na picha ya serikali, hilo lilikuwa kosa jingine kabisa, na halikuwa na dhamana.

"Afande," alisema Sekela kwa sauti iliyofika barabarani, "sema basi! Yule ni mfalme au si mfalme?"

"Nyamaza, mama, nyamaza, watu wanasikia!"

"Acha niseme kwa sauti, na wao wajue! Afande anasema yule si—"

"Ni mfalme!" alipiga kelele Afande. "Ni mfalme! Nani kasema si mfalme?" Akapiga saluti kwa picha, akachukua funguo. "Asajile alifungwa na nani?"

"Na huyo," alisema Bi Tunsume.

"Na hao wengine?" aliuliza askari wa lango.

Afande alifikiri. Akawafikiria wote mmoja mmoja: aliyepiga miayo, aliyeuliza bei ya sukari, mwalimu aliyekuwa na kitabu cha zamani. "Huyohuyo," alisema kwa unyonge. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akafungua milango yote.

Asajile alitoka miongoni mwa wa mwisho, amekonda, mikono ameificha nyuma. Bi Tunsume alimvalisha shati palepale njiani, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha juu. "Asante, Bwana," alisema. Na hapo hakuwa akimwambia mumewe.

*

Serikali haikuaibika. Ilitangaza kwamba kufungua magereza ulikuwa mpango wa siku nyingi, na Kihedu akapandishwa cheo tena, mara hii akapelekwa mbali sana. Mwezi uliofuata, Mlezi Mkuu mwenyewe alihutubia taifa kupitia redio. Asajile na mkewe walisikiliza wakiwa nyumbani, baiskeli moja imepinduliwa katikati yao, chai mezani.

Sauti ilisema kwamba maadhimisho yalifana kupita kiasi. Mwaka ujao taifa halitakaa bure. Kamati mpya imependekeza Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo nayo yana mfalme, na Mlezi Mkuu amekubali kwa furaha kuwa mgeni rasmi. Ameshaagiza wigi kubwa zaidi.

"Huyo wa Ufaransa," aliuliza Asajile, "mwisho wake ulikuwaje?"

"Mwalimu bado hajatufikisha huko. Ila Kamati wamesoma mpaka kwenye karamu, wanasema ni habari nzuri sana."

Redioni Mlezi Mkuu akameza maji. "Na sasa, ndugu wananchi," alisema, "kwa kumalizia..."

Asajile aliweka kikombe chini haraka na kuikalia mikono yake yote miwili.

Bi Tunsume alimtazama. Akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akarudi kuketi.

"Haya, mume wangu," alisema. "Piga."

Asajile aliitoa mikono taratibu, akaikung'uta kama yenye unga, akapiga makofi. Kwanza kidogo. Halafu, kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabanzi, Sekela akajibu kwa makofi yake.